Hewa ya Bondeni

Katungu alikuwa jikoni kwake Auburn, Australia, barakoa ya kazini bado usoni, mdogo wake alipogeuza kamera ya simu ili aone bonde.

Mama yao alikuwa amelala ubavu juu ya kitenge, barakoa imemfunika pua na mdomo barabara. Pembeni yake, kuku wake amekufa, mdomo wazi, hana jeraha.

Mtoto yeyote wa Goma anaijua maana ya kuku wa namna hiyo. Ni mazuku, ile hewa nzito ya sumu isiyo na harufu, inayotoka kwenye nyufa za ardhi na kutuama mabondeni. Katungu aliijua tangu utotoni. Lakini jana, watu walipoukimbia moto wa mlima Nyiragongo na kufurika mji wa Sake, kichwani mwake mlijaa corona tu.

"Na wale wakimbizi wenzake waliolala kanisani?" akauliza.

"Wote wazima, dada. Walibanana humo kama maharage ndani ya gunia. Mama tulimwita, tukamwita. Akakataa. Akasema, mwanangu wa Australia ni muuguzi, ameniambia nilale mbali na watu."