Doa Jekundu Kwenye Malisho ya Noreen

Noreen Pascoe aliitandaza ramani ya setilaiti juu ya boneti ya gari, akaibana kwa mawe mawili, kisha akamwambia afisa wa malisho wa serikali aitazame na baadaye atazame miguu yake mwenyewe. Kwenye ramani, malisho ya magharibi yalikuwa mekundu, yaani ardhi iliyokufa. Miguuni, nyasi ziliwafika magotini.

"Setilaiti yenu inahitaji miwani, binti."

Ramani ilikuja na barua ya tatu kutoka ofisi ya malisho. Mbili za mwanzo alizijibu kwa adabu. Hii ya tatu ilimtaka aondoe ng'ombe kwenye malisho ya magharibi kwa miaka mitano, na katika ukame huu hakuna nyasi nyingine zilizobaki kwenye ranchi nzima. Akiyakosa malisho haya, anauza ranchi aliyoachiwa na baba yake. Alikuwa amechoka, tena ana hasira.

Afisa, msichana mpole aitwaye Tamsin aliyeondoka mjini Alice Springs alfajiri, alikiri kwamba nyasi zipo na kwamba haelewi.

Noreen akamsogeza mpaka kwenye seng'enge. Ng'ambo, kwa jirani yake Lorimer, palikuwa na upara mtupu, vumbi na kinyesi kikavu. Seng'enge hiyo waliijenga baba zao wawili. Waliipitisha kwenye miinuko ili mafuriko ya korongo yasiisombe, wakapeana mikono, yakaisha. Kwa miaka mingi Noreen hajaacha kumsimanga Lorimer kwa ule upara, kanisani, mnadani, popote.

"Sitaki huruma," alisema. "Andika ukweli. Nyasi hizi abaki nazo mwenye ardhi yake. Na mwenye upara ule aondoe ng'ombe wake, miaka mitano, asipunguziwe hata siku."

Tamsin akaandika neno kwa neno. Noreen akatia sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Ikabaki kupima tu. Tamsin akapenya katikati ya nyaya na kifaa chake cha mkononi cha kuonyesha mahali kwa setilaiti, akasimama kwenye vumbi, akarudi kwenye nyasi, akaenda tena. Aliporudi mara ya pili alikuwa ameacha kutabasamu.

"Bi Noreen, setilaiti haikukosea. Seng'enge haifuati mpaka, inauvuka huku na kule. Huo upara ni wako."

Noreen alitazama ng'ombe wake waliokuwa wakila taratibu.

"Na hizi nyasi?"

"Za Lorimer."