Betri Iliyotibiwa

“Haki ya Mungu, shemeji, ni radi! Imeshuka kavukavu ikala nyasi zote za ng’ombe wako,” aliapa Mzee Shekiondo.

Bi Mwanaidi alitazama majivu ya banda lake, kisha akamtazama yeye. “Na nyusi zako je? Nazo zimepigwa radi?”

Mzee akainama. Betri ya bomba la kunyunyizia dawa aliloazima kwa shemeji yake ilikuwa imevimba, naye, bingwa wa kutoboa matumbo ya ng’ombe waliovimbiwa, akaitoboa kwa msumari mle bandani itoe upepo. Ikatema moto.

“Niliitibu,” akanong’ona.

Bi Mwanaidi hakucheka. Nyuma yake ng’ombe alilia njaa.

Mzee akaenda kufyeka majani aliyowapandia ng’ombe wake mwenyewe. Alirudi kwa Bi Mwanaidi na mzigo kichwani, majani yamemfunika uso, akiipapasa njia kwa mguu.