Picha za Miji ya Dhahabu

Jirani yetu wa Barking, mama Mwingereza, alikuwa akituonyesha picha za safari yake ya gari huko Marekani, kwenye miji ya kale ya wachimba dhahabu. Katika picha moja alikuwa mtoni, ameinamia karai la mchanga, anacheka.

"Na baba yako alifanya kazi gani?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Baba alikuwa ameketi pembeni yangu. Alichimba dhahabu Geita miaka thelathini, akanisomesha.

"Alikuwa ticha," nilijibu.

Baba hajui Kiingereza, ila neno hilo analijua. Taratibu aliiondoa mezani mikono yake yenye makovu, akaificha mapajani.

Uso uliniwaka.

"Marcelina," Baba alisema kwa upole, "mwambie mama picha zake ni nzuri."