Zamu ya Magesa

Mtu hakuhesabiwa kuwa amekufa mpaka atangazwe na televisheni ya mkoa, na asiyetangazwa hakuzikwa. Zamani, kituo kilipokuwa cha wenyeji, marehemu walisomwa polepole, pamoja na koo zao na wakwe zao. Kilipojiunga na kituo kikuu cha taifa, kilibakishiwa dakika mbili kwa siku.

Bi Nyangeta alikwenda kuulizia zamu ya mumewe, Magesa, aliyelala mochwari mwezi wa pili sasa. Rhoda, mtangazaji, alimpisha kwenye kiti chake, akammiminia chai.

“Mbele yake wako mia tatu, bibi.”

“Mjukuu wangu, mzee hakuwahi kupanga foleni hata ya sukari. Atanigombeza huko aliko!”

Rhoda alicheka, kisha akafungua orodha ya zamu. “Kesho ni zamu ya mama yangu. Ichukue wewe. Mimi bado nina nguvu za kusubiri.”

“Mama yako amelala tangu lini?”

“Tangu Pasaka.”

Sasa ilikuwa Novemba. Bi Nyangeta alimkumbatia, wakalia pamoja. Kisha akachovya dole gumba kwenye wino uliokuwa mezani, akaligandamiza kwenye orodha, juu ya jina la mama yake Rhoda, kuichukua zamu.