Kiti cha Mama Siku ya Kupoza

Siku ya Kupoza, mji wetu hauna chuma. Majembe, sindano, hata vibanio vya nywele hupelekwa ng'ambo ya mlima, kwa kuwa silinda ya maabara inapopozwa hunasa usumaku wowote ulio karibu, na haiuachii mwaka mzima. Ndani yake tunataka nguvu ya sumaku iliyo sawa kila mahali, kama uji usio na madonge.

Mama yangu ana chuma kwenye nyonga, tangu alipovunjika. Kila mwaka hupakiwa garini pamoja na majembe.

Mwaka huu aligoma. "Sekela, mimi si jembe."

Mimi ndiye msimamizi wa upozaji. Nilimwekea kiti uani mwa maabara, nikapima usumaku wa nyonga yake, nikapanga koili, zile nyaya za umeme zilizoviringwa ndani ya silinda, ziufute.

"Basi usisogee mpaka nirudi, mama. Ukihama kidogo tu, mwaka wote umeharibika."

"Nilikubeba miezi tisa ukinipiga mateke. Siku moja itanishinda?"

Hakusogea. Jua lilimfuata kitini, inzi wakamtembea usoni. Jioni vipimo vilitoka laini kuliko mwaka wowote, nikakimbia kumwambia.

"Kwa hiyo mle ndani nimo?" aliuliza.

"Umo. Usumaku wako umenaswa pamoja na ule wa koili unaoufuta, mwaka mzima."

"Hata nikifa kesho?"

"Hata hapo."

Akacheka, akanyoosha mguu taratibu. "Mwakani kiti kiwe kivulini."

Nilirudi maabara, nikafungua mpango wa mwakani, na kabla ya jambo lingine lolote nikaandika: kiti, kivulini.