Kidonge cha Upande wa Kulia

Baba alikuwa anasukumwa kitandani na sista muuguzi kwenda thieta, chumba cha upasuaji, Nasambu nyuma yake na laptop imefunguliwa mkononi, wakati jibu la programu lilipotokea kwenye skrini.

Programu aliiandika mwenyewe. Inachukua picha ya ubongo, inapima kila kipande kidogo kinang'aa kiasi gani, halafu inakuonyesha uzito wote unakutania wapi. Ubongo usio na ugonjwa, uzito wake hukutania karibu katikati kabisa. Wa baba ulikuwa umevutwa pembeni, upande wenye uvimbe.

Na upande uleule, nje ya fuvu, kulikuwa na kidoti cheupe.

Heh! Hicho kidoti alikijua! Ni kidonge cha mafuta ya samaki. Alikibandika yeye kwa plasta kabla ya picha kupigwa, ili upande wa kulia ujulikane. Alikiweka juu ya nyusi ya kulia, palepale mwiba wa mkonge ulipomchoma baba huko shambani ukaacha kovu.

Akaangalia kichwa cha baba. Kimenyolewa, kinang'aa. Alama ya kalamu ya pa kupasua iko kushoto.

Mtu alikuwa amesoma picha kinyume.

"Sista, simama!"

"Wewe msichana, daktari anangoja."

"Baba, guza ile kovu yako."

"Sai ndio unataka hadithi ya mkonge?" Mzee akacheka, lakini akainua mkono polepole mpaka kidole kikatua juu ya nyusi. Kulia.

Sista akaangalia kidole. Akaangalia ile alama, halafu laptop.

Akakanyaga breki ya kitanda.