Mnazi wa Rukia

Hamdani alishuka mashuani na kanga za marehemu mkewe Rukia kichwani zisilowe, huku akiwalaani wakubwa. Kisiwa kizima kijani kitupu, hata mtalii hafiki, na gati hakuna! Wangejenga gati, Rukia angekuwa ameshaletwa kwao kutembea zamani, angali hai.

"Sisi twashuka hapa kila siku, shemeji, wala hatujayeyuka," alisema Mize, mdogo wa marehemu.

Akazipokea kanga, akampeleka nyuma ya nyumba. Palisimama mnazi mmoja katikati ya kichaka cha minazi michanga. Kisiwani pale, binti akiolewa mbali hupandiwa mnazi, na wa kwanza kuuangua ni mumewe. Mwingine hagusi. Nazi za Rukia zilikuwa zimejiangukia miaka yote hiyo, zikaota papo hapo.

"Si mngekula tu?"

"Alikataza. Kila tukimuuliza, asema mngojeni, yuaja. Hata vidato hivi vya kupandia, alituma vichongwe vikaribiane. Ati mume wangu mtu wa bara, hajui kukwea."

Hamdani alifungua kinywa. Alitaka kuitaja tena serikali, na hospitali yao isiyo na dawa. Badala yake akavua viatu.

"Wee shemeji! Utaanguka, na hospitali yenyewe ndiyo hiyo uliyoitukana njia nzima!"

Aliingiza mguu katika kidato cha kwanza, kilichojaa kuvu la kijani, akatafuta cha pili kwa unyayo. Kilikuwa karibu.